Lita Moja na Robo

Polisi Honoré aliingia ofisini amekumbatia chupa, akaiweka juu ya meza ya Inspekta Charline Kavira kwa adabu ya mtu anayeleta mahari. Ndani ya chupa mlikuwa na kitu chekundu, kizito, kinachong'aa.

"Ushahidi, Mama Inspekta. Niliikuta ku nyumba ya Carlos, mu jikoni, nyuma ya sufuria. Mafuta ya gari. Alificha."

Charline alifungua kizibo, akachovya kidole, akanusa, kisha akakilamba. Honoré akakunja uso.

"Mawese," alisema Charline. "Bibi ya Carlos anapika nayo maharagi. Rudisha, batoto basilie njaa."

"Lakini inafanana na ile ya gari..."

"Inafanana rangi tu. Enda. Na uombe musamaha."

Honoré aliondoka na ushahidi wake kwapani. Charline akabaki na faili, na faili lilimkera kwa sababu lilikuwa jepesi mno. Katika miaka kumi na tisa ya kazi alikuwa amejifunza kuogopa kesi ambayo umati umeshaimaliza kabla polisi hajafika.

Mambo yalikuwa hivi. Jumamosi, Carlos, fundi asiye na gereji, alibadilisha mafuta ya giaboksi katika gari la shemeji yake Athanasie. Kazi hiyo, ambayo mjini Goma wanaiita vidange, aliifanyia nyumbani kwa shemeji, mtaa wa Majengo. Athanasie ni mkunga. Kijigari chake cha Kijapani, cha otomatiki, kinajulikana na wanawake wote wa njia ya Kibati, maana nusu yao wamewahi kuugulia uchungu ndani yake. Jumatatu, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, alipokuwa akimpandisha mama mwenye uchungu kwenda kituo cha afya, gari lilikata nguvu katikati ya mlima. Injini ilinguruma, magurudumu hayakuvuta. Gari likarudi nyuma katika tope na kumgonga Kakule, msukuma chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, aliyekuwa amesimama kando akikaza kamba za mzigo wake wa viazi. Mguu wa Kakule ulivunjika. Mtoto alizaliwa palepale kando ya barabara, mzima, na mama yake mzima, Mungu ashukuriwe.

Fundi wa gereji aliyeitwa kulivuta gari alipima giaboksi na kutangaza mbele ya watu: mafuta yamepungua lita moja na robo. Basi. Umati ukahukumu. Carlos ameuza mafuta ya shemeji yake! Kakule aliweka kidole chake kwenye shitaka akiwa kitandani hospitalini, na jioni ileile Carlos akalala cachot, kile chumba kimoja cha mahabusu nyuma ya ofisi ya Charline.

Sasa ilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi. Kesho saa mbili, faili na mtu wake vingepelekwa parquet kwa waendesha mashtaka, na kutoka huko ni gereza kuu. Watu huingia huko kwa kosa dogo wakatoka watoto wao wameota ndevu.

Charline aliagiza Carlos aletwe.

Alikuwa mwanamume mwembamba wa miaka arobaini, kucha nyeusi, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Alikaa ukingoni mwa kiti kana kwamba hakustahili kiti kizima.

"Uliuza mafuta ya mama?"

"Hapana, Mama Inspekta."

"Nielezee kazi ya Jumamosi. Polepole. Usiruke kitu."

Carlos alipangusa mikono kwenye suruali. Ilionekana wazi kwamba kuieleza kazi kulimtuliza.

"Nilianza saa tatu. Nilipandisha magurudumu ya mbele juu ya mawe ya volkano, ile minene, ju miye siamini cric, ile jeki, peke yake. Nikafungua boulon ya chini ya boîte, ile giaboksi, mafuta ikashuka mu bassin. Ilikuwa nyeusi, inanuka mukate wenye kuungua. Nikaipima mu chupa za maji, zile za litre moja na nusu. Mbili zikajaa, ya tatu ikafika theluthi moja. Litre tatu na nusu."

"Kwani ulipima mafuta ya kutupa ju ya nini?"

"Njo kipimo chenyewe, mama. Ku boîte automatique, ile unatoa njo unarudisha. Si zaidi, si pungufu. Nikasafisha filtre, nikafunga boulon na rondelle mupya, nikamwaga litre tatu na nusu kupitia tundu ya jauge, ile kijiti ya kupimia, na faneli. Bidon ilikuwa ya litre ine. Nusu litre ilibakia. Iko nyuma ya mulango ya shemeji."

"Kiisha?"

"Kiisha tukawasha moteur, ikapata moto. Shemeji mguu ku frein, ile breki, akapitisha lever ya gia ku kila nafasi, mara mbili, ili mafuta itembee mu mishipa yote. Kiwanja yake ni mawe, gari inalala upande, kwa hiyo tukaenda kupima ku uwanja ya kanisa, kule kuko sawa. Nikavuta jauge, moteur ikiwa inawaka. Ilikuwa katikati ya alama mbili, vizuri kabisa."

"Moteur inawaka?"

"Inawaka. Boîte haipimiwe kama moteur." Alifuta macho kwa kiganja. "Mama Inspekta, Athanasie njo alifunga macho ya bwana yake, kaka yangu. Miye nimuibie mafuta?"

Machozi Charline ameyaona mengi, ya wakweli na ya waongo, na yote yana chumvi. Aliandika neno moja tu katika daftari lake, akapiga mstari chini yake, kisha akachukua koti.

Nyumba ya Athanasie ilikuwa ya mbao, juu ya msingi wa mawe meusi, katika kiwanja ambacho lava ya zamani ilikiachia migongo na mashimo. Gari lilikuwa limevutwa hadi pale, limeegeshwa kando ya pipa la kukingia maji ya mvua. Athanasie, mwanamke mnene, mfupi, mwenye sauti ya kuamrisha uchungu utulie, alikuwa ameketi kwenye ngazi na kikombe cha chai kilichopoa.

"Karibu, mama yangu. Kama unakuja kuniambia Carlos ni mwizi, rudi tu."

"Ninakuja kupima, si kusema. Mama ya Jumatatu anaendelea namna gani?"

"Muzima. Mutoto kilo tatu. Yule Kakule njo ananikosesha usingizi." Aliweka kikombe chini. "Mie njo nilikuwa ku volant, ku usukani. Gari ilikataa kuvuta, nikakanyaga mafuta badala ya frein. Hilo uandike pia."

Charline aliliandika. Kisha akaanza kazi. Nyuma ya mlango alikuta bidon, na ndani yake nusu lita ya mafuta mekundu, safi. Chini ya benchi alikuta chupa tatu za maji: mbili zimejaa mafuta meusi, ya tatu theluthi moja. Hesabu ya Carlos ilisimama. Lakini hesabu ya chupa mtu anaweza kuipanga akiwa na muda na roho mbaya, kwa hiyo aliiacha kando.

"Jumapili ulitembeza gari?"

"Mara mbili ku Kibati. Ya pili nilikuwa na batu tano na gunia ya viazi. Ilipanda kama mbuzi, sikusikia hata kukohoa."

"Kwa hiyo Jumapili mafuta ilikuwa mingi ya kutosha."

Athanasie alimtazama, na kwa mara ya kwanza bega lake moja likashuka. "Eh. Ilikuwa."

Mafuta ya giaboksi hayaendi likizo. Kama Jumapili jioni yalikuwepo na Jumatatu asubuhi hayapo, ama yamevuja, ama yametolewa. Charline alitandika gunia juu ya mawe, akalala chali chini ya gari na karatasi nyeupe mkononi, bila kujali sketi yake ya kazi. Aliipitisha karatasi kwenye boulon, ile bolti ya chini, kwenye maungio, kwenye mabomba yanayokwenda kwenye rejeta. Ilitoka na vumbi na tope kavu. Tone la mafuta hakuliona.

Basi yametolewa. Na nani? Mwizi wa Goma anajua kazi yake: anabeba betri, anabeba magurudumu, akiwa na nafasi anabeba na mlango. Mwizi gani anavuta lita moja na robo halafu anarudisha kijiti cha kupimia mahali pake na kuifunga boneti vizuri?

Alipoinuka, akijikung'uta, macho yake yaliangukia ukuta wa nyumba. Mjini humu mafuta machafu hayatupwi. Yanapakwa kwenye mbao za chini ili mvua na mchwa vishindwe, ndiyo maana nyumba nyingi zina mkanda mweusi miguuni. Nyumba ya Athanasie nayo ilikuwa na mkanda huo, umefifia. Lakini karibu na pipa, mbao tatu zilikuwa zimepakwa juzijuzi, na hazikuwa nyeusi. Zilikuwa na wekundu.

"Nani alipaka hapa?"

"Ni Carlos. Alipaka na ile mafuta ya zamani."

"Mafuta ya zamani iko mu chupa, yote, haikupungua hata kidogo. Na ni nyeusi." Charline alisugua ubao kwa karatasi. Karatasi ilitoka ya waridi. Akanusa, na safari hii hakulamba. "Hii ni ya mupya. Mafuta yako haikuuzwa, mama. Iko ku ukuta yako."

Athanasie alishika mdomo.

Hapo kesi iligeuka, na ilizidi kuwa ngumu badala ya kuwa nyepesi. Mtu alikuja katika kiwanja hiki kabla ya jua, akapunguza mafuta ya gari, na badala ya kuyabeba akampakia mwenye nyumba ukuta. Adui hafanyi hivyo. Charline alifungua daftari na kutazama lile neno aliloandika asubuhi: *inawaka*.

Alimpigia Honoré simu, akamwambia alete mafuta ya aina ileile, lita moja na robo, na asinunue mawese.

Honoré alikuja, akafanya kama alivyoambiwa. Walirudishia giaboksi mafuta kwa kipimo, wakawasha injini, wakapeleka gari uwanja wa kanisa, Athanasie akipitisha lever kama alivyofundishwa na shemeji yake. Gari lilivuta bila kusita. Injini ikiwa ya moto na inawaka, Charline alivuta kijiti, akakifuta, akakirudisha, akakivuta tena. Mafuta yalikuwa katikati ya alama mbili, pale aliposema Carlos.

"Sasa zima. Tungoje."

Walikaa kwenye ngazi za kanisa. Athanasie alitoa ndizi mkobani, wakala, wakaongea habari za mvua. Baada ya saa nzima Charline alirudi kwenye gari lililozimwa, akavuta kijiti kilekile. Mafuta yalikuwa yamepanda juu ya alama ya mwisho, upana wa vidole viwili.

Honoré alikodoa macho. "Nani aliongeza?"

"Hakuna mutu. Moteur ikizima, ile mafuta ilikuwa inazunguka juu inashuka yote chini. Carlos alituambia: haipimiwe kama moteur. Sasa mutu mwenye hajui hiyo, anakuja asubui gari imelala usiku mzima, anavuta jauge. Anaona nini?"

"Anaona imepita."

"Na anafanya nini, kama anapenda hii gari?"

Honoré alifikiri, akaikuna shingo. "Anapunguza."

"Hata miye ningepunguza," alisema Charline.

Waliporudi kiwanjani, alimgeukia mkunga. "Mama, gari yako inasafishwa na nani?"

"Carlos anakuja kila Jumatatu. Mimi ninaamuka ninakuta inang'aa."

Charline alimtuma Honoré akamuulize Carlos. Jibu lilirudi kwa simu baada ya dakika ishirini: Carlos hajawahi kuliosha gari hilo hata siku moja. Anadhani shemeji ana mtu wake wa kuliosha.

Athanasie aliketi taratibu. "Sasa ni nani anaisafisha?"

"Tangu lini?"

"Ni miezi... miezi tano."

"Na mwezi wa kwanza wa hiyo kazi, ulizalisha bibi ya nani? Hapa karibu. Bwana yake anaamuka mbele ya jua, na amezoea kuangalia mafuta kila asubui mbele ya kuwasha moteur. Mutu wa camion, wa lori."

Mkunga hakuhitaji daftari. Alifumba macho, midomo ikacheza kama anayesali rozari, kisha akayafumbua.

"Théogène. Bibi yake ni Uwimbabazi. Mapasa. Batoto babili; wa pili alikuja na miguu, mama akatoka damu, nililala kwao siku mbili nikiwa nimeshikilia ule mkono wake." Aliitazama nyumba ya tatu kutoka yake, iliyozungukwa na ukuta wa mawe. "Alitaka kunishukuru. Nikakataa. Mimi ninakatalia kila mutu, mama, ni tabia yangu. Nilimwambia aende alinde bibi yake."

Lori lilikuwa mbele ya nyumba, limefika muda si mrefu kutoka Vitshumbi, bado linanuka samaki. Théogène, mwanamume mrefu wa miaka thelathini na kitu, alikuwa juu ya bodi akimwaga ndoo za maji. Alipoona sare alishuka haraka, akavua kofia.

"Bonjour mama."

"Bonjour Papa Mapasa. Ulitoka lini?"

"Jana, saa kumi na mbili ya asubui. Njo ninafika sasa."

Kwa hiyo hakujua. Charline alilitambua hilo usoni pake, na akachukia kwamba ndiye atakayemwambia. Lakini kwanza maelezo, kisha habari. Ukimpa mtu habari mbaya mapema, maelezo yake yote yanageuka kuwa kilio.

"Jana mbele ya kuenda Vitshumbi, uliingia ku kiwanja ya Mama Athanasie?"

Théogène aliangalia huku na huku, kisha akatabasamu kama mtu aliyekamatwa na zawadi nyuma ya mgongo.

"Nani aliniona? Mama, tafazali, usimwambie. Atakataa. Kila Jumatatu ninaisafisha kidogo, ninaangalia pneu, zile tairi, ninaangalia maji. Ile gari njo ilibeba bibi yangu. Ningekuwa sasa peke yangu na batoto babili bila mama yabo. Nitamulipa na nini? Basi ninasafisha."

"Na jana?"

"Jana niliona mutu amefanya vidange. Nikasema niangalie kama alifanya vizuri. Eh! Boîte ilijaa kupita alama, vidole viwili! Mafuta ikipita inapasua joints, mipira yake, naye atabakia ku barabara na mama mwenye kuzaa. Nikavuta na mpira polepole, mpaka ikafika ku alama. Ile nilitoa sikuibeba, mama. Nilimupakia mbao zake, zilikuwa zinaanza kuoza."

"Moteur ilikuwa imezima."

"Njo vile banapima. Asubui, moteur ya baridi. Miaka kumi na ine ninapima vile."

"Camion yako ni automatique?"

"Hapana." Tabasamu lilianza kumtoka. "Ju ya nini?"

Charline alimweleza. Alieleza kwa ufupi, kwa mpangilio, bila kupamba: kijiti, injini, mlima wa Kibati, tope. Théogène alikaa chini juu ya gurudumu la akiba.

"Mutu alikufa?"

"Hapana."

"Mama Athanasie?"

"Muzima."

"Yule alikuwa anazaa?"

"Muzima. Mutoto naye. Ni mutu wa chukudu, anaitwa Kakule, mguu ulivunjika. Na Carlos iko mu cachot tangu jana. Banasema aliuza mafuta."

Théogène aliinamisha kichwa. Kisha akainuka, akaingia nyumbani. Charline alisikia sauti yake ya chini na Kinyarwanda cha haraka cha mwanamke. Alipotoka alikuwa amevaa shati safi, na blanketi limekunjwa kwapani. Uwimbabazi alisimama mlangoni na watoto wawili, mmoja mgongoni na mwingine mkononi. Hakulia wala hakumsihi inspekta. Alisema tu, "Sema kweli yote."

"Tupite kwanza ku hopitali," alisema Théogène. "Yule mutu asikie ku mdomo yangu."

Kakule alikuwa kitandani, mguu umefungwa plasta hadi pajani, ana hasira ya mtu aliyezoea kushuka mlima kwa kasi na sasa hawezi kufika hata chooni. Alimsikiliza Théogène tangu mwanzo hadi mwisho. Alirudia kuuliza habari ya mbao zilizopakwa, kana kwamba hapo ndipo palipomshinda.

"Uliweka ku ukuta yake? Ule mafuta yote?"

"Yote."

Kakule alitazama dari. "Miye nilisema mwizi. Mwizi hapaki ukuta ya mutu." Alimgeukia Charline, akasema naye Kinande, lugha yao wawili, kwa sentensi mbili, kisha akarudi kwenye Kiswahili ili mwenzake asikie. "Mama, leta karatasi, nifute neno yangu. Carlos atoke. Na huyu, camion yake inapita Kibati kila wiki. Abebe viazi vyangu mpaka nisimame. Bibi yangu atakuwa anamungoja ku barabara."

"Nitabeba," alisema Théogène. "Hata ukisimama nitabeba."

"Nikisimama nitabeba mwenyewe. Miye si muzee."

Saa kumi na moja jioni, Charline alikuwa mezani pake akiandika PV, taarifa ya mahojiano, na Théogène mbele yake akitaja kila kitu kwa utaratibu: saa, mpira, kijiti, kipimo. Charline aliandika pia matokeo ya jaribio la uwanja wa kanisa, na ushuhuda wa Honoré, na ule wa Athanasie kuhusu kanyagio. Mwisho wa fomu kuna mstari wa sababu ya kitendo. Katika miaka kumi na tisa mstari huo alikuwa ameujaza wivu, pombe, shamba, ng'ombe, na mara moja kuku. Safari hii kalamu ilisimama hewani kidogo, kisha akaandika: *shukrani*.

Honoré alisoma juu ya bega lake. "Mama Inspekta, hii iko mu code ya sheria?"

"Haiko. Magistrat ataiona kesho, na akitaka kuongea na huyu atamuita. Papa Mapasa, weka saini hapa."

Théogène aliweka saini, akashika blanketi lake. "Sasa ninaingilia wapi?"

"Unaingia wapi? Rudi kwako. Bibi yako anakungojea."

Hakuelewa mara moja. Alibaki amesimama, blanketi kifuani, na ndipo Honoré alipofungua mlango wa nyuma na kumtoa Carlos, akipepesa macho kwa mwanga. Charline alimwambia Carlos kwa maneno machache nani yule na alifanya nini. Carlos alimsogelea dereva.

"Ulipima moteur ikiwa imezima?"

"Ndiyo."

"Ningeandika karatasi, nikaifunga ku jauge," alisema Carlos. "Kazi yote ile, kuandika maneno mawili ikanishinda." Akampa mkono. Théogène aliushika kwa mikono miwili, na hapo machozi yakamtoka, hakuyazuia.

Athanasie alikuwa nje, kwenye benchi la wageni, tangu saa tisa. Alimkumbatia shemeji yake kwanza, akampangusa uso kwa kitenge chake kama anavyowapangusa wachanga. Halafu akaja hadi mbele ya Théogène, mfupi mbele ya mrefu, na dereva akainamisha macho akingoja kukaripiwa.

"Miezi tano," alisema Athanasie. Sauti yake ya kuamrisha ilikuwa imempotea. "Miezi tano ninapanda gari safi, sijui nimuombee nani. Batu banakuja na aksanti yabo, mie ninafunga mulango. Njo unaona tumefika wapi. Papa Mapasa, Jumatatu usikuje na giza. Kuja jua ikiwa juu. Piga hodi, nifungue, unipe yako, na miye nikupe yangu."

Théogène akatikisa kichwa kukubali. Charline aliwaacha hapo uani, akarudi ndani kufunga faili.